Mhariri, 15 kwa 15 ya kichwa sio cheti cha kupona

Mhariri shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi pokea salamu tu. Mimi ni katibu wa kijiwe kimoja cha bodaboda hapa Msamvu Morogoro, kazi yangu ni kuandika majina, kukusanya michango ya msiba na ya ugonjwa, na kusuluhisha ugomvi wa foleni ya abiria. Sio daktari na sijifanyi daktari. Kilichonisukuma niandike ni habari za ajali mnazotoa nyie wenyewe, karibu zote zinaishia pale pale, wawili wamefariki, watano wamejeruhiwa, wametibiwa na kuruhusiwa na hali zao zinaendelea vizuri. Basi. Gazeti limefunga, polisi wamefunga, hospitali nayo imefunga faili. Sisi ndo tunaowapokea hao walioruhusiwa, na walioumia kichwa wanatupa shida kuliko waliovunjika miguu, maana mguu unauona, una piopi, una magongo, kila mtu anampisha. Kichwa kikishashonwa na nywele zikaota nani anakumbuka tena.

Kuna kijana wetu mmoja, jina naliacha maana ana mke na watoto. Alipata ajali, akazimia, akalazwa hospitali ambayo nayo siitaji kwa sababu naamini hili ni la hospitali nyingi sio lao peke yao. Alivyotoka alikuja kijiweni na karatasi yake ya ruhusa, imeandikwa kwa ile miandiko yao, ila kitu kimoja kilisomeka vizuri tu, GCS 15/15, zile alama za kupima fahamu za mtu aliyeumia kichwa. Hiyo kumi na tano ikapita mkono kwa mkono. Mwenye pikipiki alipoiona akafurahi, akasema huyu kafaulu yote, kesho arudi barabarani hesabu yangu imelala muda mrefu. Mama yake akaiona akamshukuru Mungu. Kijana akarudishwa kwenye foleni, karatasi ya hospitali inasema hivyo nani wa kubisha.

Sa hapo ndo mambo yakaanza. Anatembea vizuri, anaongea vizuri, utani anao, ukikutana nae dakika tano huwezi kujua kitu. Ila kaa nae kutwa nzima. Abiria wa Bigwa anampeleka Kola. Anapewa elfu tano arudishe chenji anabaki anaitazama ile noti. Jua likishakuwa kali kichwa kinamuuma anatafuta kivuli analala juu ya pikipiki, makelele ya stendi yanamchosha, honi ya basi ikipigwa karibu anawaka hasira anataka kupigana na konda, na zamani huyu huyu ndo alikuwa anaamulia ugomvi wa wenzake. Nyumbani mkewe anasema usiku halali, anauliza swali lile lile mpaka watu wanachoka, mtoto akilia anafoka mpaka majirani wanatoka nje. Watu wakaanza maneno yao, wengine bangi, wengine karogwa na kijiwe cha pili kwa sababu ya wateja, shemeji zake wakataka wampeleke kwa mganga. Na yeye mwenyewe ukimuuliza vipi mwanangu, anakwambia niko freshi kabisa, nyie ndo mna matatizo.

Binti wa dada yangu ni nesi, kafanya kazi wodi za majeruhi, nikampigia simu kwa hasira nikamwambia nyie mnamwandikiaje mtu kapona wakati hajapona. Akaniambia mjomba, hiyo alama inasema ameamka tu, ya kupona haimo humo. Akanieleza, na baadae nikaendelea kusoma mwenyewe kwenye simu usiku usiku. Hiyo skeli ilitungwa Glasgow, kule Uskoti, mwaka 1974 na madaktari wawili wa upasuaji wa ubongo, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Inaangalia vitu vitatu. Macho yana alama 4, yanafunguka yenyewe, au mpaka umwite, au mpaka umfinye, au hayafunguki kabisa. Maneno yana alama 5, anajibu kwa akili zake, anachanganya mambo, anatoa neno moja moja lisilo na maana, anaguna, au kimya. Viungo vina alama 6, juu kabisa ni yule ukimwambia nyanyua mkono ananyanyua, halafu inashuka mpaka yule hata umuumize vipi hatikisiki. Jumla 15. Na ya chini kabisa ni 3 sio sifuri, yaani hata asiyejitambua kabisa ana alama zake tatu, hilo lilinishangaza kidogo. Kuanzia 8 kushuka chini wanaita jeraha kubwa, 9 mpaka 12 la kati, 13 mpaka 15 dogo.

Nisieleweke vibaya, sio kitu cha kudharau hata kidogo. Zamani kila daktari aliandika anavyojua yeye, huyu anaandika nusu koma, yule anaandika amelegea, nesi wa zamu ya usiku akipokea wodi hajui mgonjwa ameshuka au amepanda. Sasa akiona jioni ilikuwa 14 na usiku wa manane imekuwa 11 anajua huenda damu inavujia ndani, anakimbia kuita daktari, na mtu anaokoka. Shida ni kwamba ikishafika 15 imeisha, haina pa kwenda. Ni kama geji ya mafuta, inakwambia tenki lina mafuta, haikwambii gia zinaingia au breki zinashika. Maswali yenyewe ya kupata ile 5 ya maneno ni unaitwa nani, uko wapi, huu mwezi gani. Mtu anayajibu yote bila wasiwasi na bado hawezi kukumbuka kama abiria aliyeshuka sasa hivi alilipa au hakulipa.

Na kitu ambacho kimenifanya niandike barua ndefu hivi ni kwamba hao hao wa Glasgow walishaliona hilo tangu zamani. Mwaka uliofuata, 1975, Jennett na mwenzake Michael Bond, huyu yeye ni daktari wa mambo ya akili, wakatoa kipimo cha pili cha kutumia baadae, mtu akishatoka hospitali. Kilikuwa na ngazi tano: amefariki, yupo hai lakini hana ufahamu, ana ulemavu mkubwa anategemea watu, ana ulemavu wa kati yaani anajitegemea ila maisha yake yamepungua, na amepona vizuri. Wakasema kabisa kwamba mabadiliko ya akili na tabia mara nyingi ndo yanamlemaza mtu kuliko mkono au mguu uliolegea. Baadae kikaongezwa kikawa ngazi 8, ya 1 amefariki na ya 8 amepona vizuri kabisa, na 1998 yakatoka maswali yaliyopangwa ili kila anayeuliza aulize sawa. Wanauliza hasa mwezi wa sita baada ya kuumia. Sasa sisi huku kipimo cha kwanza tumekichukua mpaka zahanati wanakijua, cha pili tumekiacha kwenye vitabu vya wasomi. Cha mlangoni tumechukua, cha nyumbani tumeacha.

Naomba nafasi nieleze hayo maswali maana ni ya kawaida sana, hayahitaji mashine. Anahitaji mtu wa kumsaidia kila siku nyumbani kula, kuvaa, kuoga? Anaweza kuachwa peke yake masaa 8 ya mchana? Anaweza kwenda dukani mwenyewe akapanga anunue nini na akashika hela mwenyewe? Anaweza kusafiri hapa karibu bila kupelekwa? Kazi je, amerudi kwa uwezo ule ule, au umepungua, au hawezi kabisa? Starehe zake na kukaa na watu, anashiriki kama zamani, au nusu, au kaacha? Ugomvi na hasira nyumbani, ni mara moja moja, ni kila wiki, au ni kila siku mpaka haivumiliki? Mwisho yale madogo madogo, kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu, makelele na mwanga kumkera, kusahau. Na kila swali lina la pili yake, je kabla ya ajali alikuwaje. Hilo nimelipenda sana, maana kuna watu walikuwa wakorofi tangu tumboni mwa mama zao, usije ukaitupia ajali.

Halafu hesabu yake sio ya shuleni, hawajumlishi wakagawanya. Jibu baya kuliko yote ndo linalokupa ngazi. Hata kama unaoga mwenyewe, unasafiri mwenyewe, ila nyumbani ni vita kila siku haivumiliki, unahesabiwa uko ngazi ya 5. Nikakaa na mke wa kijana wetu na mama yake tukayapitia yale maswali na yule mpwa wangu kwenye simu kaweka spika. Kijana wa 15 kwa 15 akatoka na 5 kwa 8. Mkewe alikaa kimya kidogo halafu akasema kumbe lina namba, mi nilidhani ni mimi nina roho mbaya.

Mtasema mbona mmemuuliza mke na sio mwenyewe. Mwenyewe tulimuuliza, ni ngazi ya 8, hana tatizo lolote. Hii nayo nimeambiwa sio ubishi wala uongo. Kichwa kikisimama ghafla ubongo unaendelea kwenda, unajigonga kwenye mfupa, na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso ndo inaumia sana, na hiyo ndo inayopanga, inayozuia hasira, na inayomfanya mtu ajijue kwamba amekosea. Sasa kifaa cha kujipima ndo kimeumia, atajipimaje. Kuna na nyuzi nyembamba ndani ya ubongo zinavutika na kukatika, na picha ya CT inaweza kutoka safi kabisa wakati nyuzi zimeumia, ndo maana mtu anarudi na picha nzuri na akili mbovu na familia inabaki kubishana na daktari.

Huko huko Glasgow kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Neil Brooks na wenzake waliamua kuwauliza ndugu. Waliwafuata ndugu za wagonjwa 42 walioumia vibaya kichwa. Mwaka mmoja baada ya ajali asilimia 60 walisema huyu mtu tabia imebadilika. Wakarudi mwaka wa tano, kila mtu angetegemea imepungua, ikawa asilimia 74. Walitoa hayo majibu 1986. Imepanda! Mimi naona maana yake ndugu mwanzoni wanavumilia wanasema bado mgonjwa, wakichoka ndo wanaona. Kwa hiyo ukipima siku ya kutoka wodini, siku ambayo familia nzima ina furaha mtu wao hajafa, hutapata kitu.

Kuna jingine nililisoma nikacheka peke yangu. London mwaka 1991 wataalamu wawili, Tim Shallice na Paul Burgess, walikuwa na watu watatu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ukiwapa mitihani ya akili ya mezani wanafanya vizuri tu, ila maisha yao yamevurugika. Wakaamua kuwapeleka mtaa wa maduka, wakawapa orodha, nunua hiki na kile, ulizia bei fulani, ufike mahali fulani muda fulani, usiingie duka kama hununui kitu, tumia hela kidogo. Wakashindwa. Wanaacha vitu, wanavunja sheria za zoezi, wanafanya mambo ya ajabu dukani. Nikasema kumbe! Sisi kijiweni tunafanya hivyo hivyo tangu zamani bila kujua kama ni sayansi, mtu akitoka kuumwa anatumwa kwanza, kalete chai ya watu, nunua vocha, pitia kwa fundi ulizia ile tyubu, rudi na chenji kabla basi la Dodoma halijatoka. Ukiona amerudi na chai bila vocha na kwa fundi hajapita unajua bado. Lakini sisi sio watu wa kuamua nani apande pikipiki na abiria nyuma, hilo ni roho ya mtu, na hakuna ofisi iliyotupa kazi hiyo. Tumejikuta nayo tu.

Sasa kuna tahadhari, maana nikisema tuchukue kipimo cha Glasgow kama kilivyo nitakuwa nadanganya. Yale maswali yaliandikwa kwa watu wanaoishi kwao. Kuachwa peke yake masaa nane, mhariri nyumba gani ya Mji Mpya ina mtu anayebaki peke yake masaa nane? Shangazi yupo, wapangaji wapo, watoto wa jirani wapo, hilo swali halijawahi kujaribiwa kwa mtu yeyote. Kwenda dukani, kuna wanaume hawajanunua hata nyanya toka waoe, ukiuliza anaweza kwenda sokoni mkewe atajibu haendi, na zamani alikuwa haendi. Na la kazi ndo baya zaidi. Kule mtu akirudi kazini maana yake mwajiri kampima na kumpokea. Huku bodaboda anarudi kazini kwa sababu ndani hakuna unga. Ukimpigia simu ukamuuliza umerudi kazini atakwambia ndio, na utamwandikia ngazi ya juu, kumbe anarudi jioni na elfu nne na wenzake wanamjazia hesabu ili asinyang'anywe chombo. Kwetu ingebidi waulize analeta hesabu ile ile ya zamani bila kujaziwa? Anakumbuka zamu yake ya kikoba? Akienda msibani anakaa na watu au anaondoka kabla ya kuzika kwa sababu ya makelele? Hivyo ndo vitu ambavyo kwetu vinamwonyesha mtu.

Na vipimo vya kumbukumbu navyo hivyo hivyo. Kuna kimoja maarufu cha Marekani kinauliza sasa hivi ni majira gani ya mwaka, wenyewe wana yale manne yao, na kinamwambia mtu achore maumbo mawili ya pembe tano yanayopishana. Bibi yangu ambaye hajasoma ungemfelisha akiwa mzima kabisa. Ila kuna kitu rahisi zaidi ambacho ningeomba wodi zote wakiandike: toka mtu aumie mpaka kumbukumbu zake zianze kushikana siku na siku, zimepita siku ngapi. Wataalamu wanasema kipindi hicho kikiwa kirefu ndo na jeraha lilivyo zito, na kinasaidia kukisia huko mbele atakuwaje. Galveston, Texas, walitengeneza maswali ya hilo 1979, unamuuliza mgonjwa pale kitandani kila siku, alama ni 100, akifika 75 na kuendelea unajua anaanza kushika. Kijana wetu alikuwa anaongea na kucheka wodini na leo hakumbuki hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona. Hilo kwenye karatasi yake halimo.

Msiseme haiwezekani kwa Kiswahili, inawezekana na imeanza. Moshi pale hospitali ya KCMC kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Duke cha Marekani wamekuwa wakiweka rejista ya majeruhi wa ubongo, na walichokuta ndo tunachokiona mtaani, wengi wanaume vijana, wengi ajali za barabarani. Wakachukua maswali ya kupima sonona na ya kupima unywaji wa pombe wakayatafsiri kwa Kiswahili na kuyajaribu kwa hao hao walioumia kichwa kuona kama yanapima kweli. Wana mpaka mazungumzo mafupi ya kumsaidia majeruhi kupunguza pombe, wameyaita Punguza Pombe kwa Afya Yako. Kwa hiyo watu wapo, Kiswahili kipo. Ninachouliza ni kwa nini kibaki kuwa utafiti, yaani ukiumia kichwa ukiwa ndani ya utafiti unafuatiliwa, ukiumia nje ya utafiti ni kadi na panadol.

Najua jibu litakalokuja, hakuna hela, madaktari wa ubongo ni wachache. Sawa. Ila hiki kipimo hakitaki daktari wa ubongo, kinaulizwa hata kwa simu na mtu aliyefundishwa, na simu kila familia inayo. Kulikuwa na jaribio kubwa la dawa linaitwa CRASH, la majeruhi wa kichwa 10,008 kutoka hospitali za nchi nyingi, zikiwemo maskini. Walitaka kujua zile dawa za steroidi ambazo madaktari walikuwa wanawapa wagonjwa wa kichwa kwa zaidi ya miaka thelathini zinasaidia au la. Mwezi wa sita baada ya kuumia wakawatafuta watu wao, wakapata majibu ya 9,673, yaani kati ya kila mia wamepata zaidi ya 96. Na walichokuta ni cha kutisha, waliopewa dawa walikufa asilimia 25.7, wasiopewa 22.3. Dawa ilikuwa inaua watu na nia ya kila mtu ilikuwa njema. Majibu ya hiyo miezi sita yalitoka 2005. Kama waliweza kuwapata watu elfu tisa na mia sita duniani, hospitali ya mkoa inashindwaje kuwapata watu wake wa mwezi mmoja.

Tena wale wanaoitwa jeraha dogo, 13 mpaka 15, ambao kwetu wanashonwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ndo wengi. Utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa TRACK-TBI ulitoa majibu 2019, kati ya hao wa jeraha dogo asilimia 53 walikuwa bado wana mapungufu ya maisha mwaka mzima baadae. Nusu! Na hao walifika hospitali kubwa za huko. Halafu utafiti huo huo 2021 ukaonyesha upande wa pili, wa matumaini, kwamba walioumia vibaya sana karibu nusu baada ya mwaka walikuwa wanaweza kujitegemea nyumbani angalau sehemu ya siku, na hata wale ambao wiki ya pili walikuwa hawana ufahamu kabisa, wengi wa waliobaki hai walirudiwa na fahamu ndani ya mwaka. Hii nawaandikia ndugu zangu ambao wiki ya pili tu wanaambiana huyu basi tumwachie Mungu tumrudishe nyumbani. Msiharakishe, huko nako hamjapima.

Kuna na upande wa haki. Fomu ya polisi, PF3, inajazwa mwanzo kabisa, damu bado mbichi, na hiyo ndo inasafiri kwenda kwenye kesi na kwenye bima. Pale daktari anaandika alichokiona siku ile, jeraha la kichwa, ameshonwa. Mtu kufukuzwa na mkewe mwezi wa nane baada ya ajali kwa sababu ya hasira ambazo hakuwa nazo, kushindwa kuhesabu chenji, hayo yataingia wapi? Aliyeajiriwa rasmi angalau ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa kumpima ulemavu. Bodaboda wengi hatuna mwajiri, tuna mwenye chombo.

Kwa hiyo ninachoomba sio hospitali mpya. Karatasi ya ruhusa ya mtu aliyeumia kichwa iwe na tarehe za kupigiwa simu, mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili toka aumie. Iwe na namba mbili, ya mtu anayelala nae nyumba moja na ya mtu anayefanya nae kazi, isiwe yake mwenyewe peke yake. Maswali yawe ya Kiswahili yaliyojaribiwa huku, sio tafsiri ya usiku mmoja. Ile 15/15 waendelee kuiandika lakini chini yake waandike kwa maneno kwamba hii ni hali ya kuamka leo, na waseme dalili gani zikitokea arudi. Na nyie wa gazeti, siku moja moja mchukue habari yenu ya ajali ya miezi sita nyuma mtume mwandishi akawatafute wale waliotibiwa na kuruhusiwa.

Mwisho nina swali na naomba daktari yeyote anayesoma ajibu hapa hapa kwenye ukurasa wa barua. Mtu aliyezimia kwenye ajali, akalazwa, akatoka na 15/15, anatakiwa akae muda gani kabla ya kupanda pikipiki kwa biashara, nani mwenye mamlaka ya kumwambia sasa panda, na anapimwa kwa kitu gani, maswali, barabarani, au vyote? Msinijibu kwamba inategemea, najua inategemea, nataka kujua inategemea nini. Kijana kwa sasa hapandi, mwenye chombo amesema anasubiri mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anampa mtu mwingine, na kijana kila asubuhi anakuja kijiweni na kofia yake mkononi ananiuliza katibu vipi, leo?

Katibu wa kijiwe, Msamvu, Morogoro